Msomaji wa Tatu

Enid Horsfall alikuwa amehifadhi mashairi ya kale zaidi ya mia moja, na kwa miaka kumi na tisa hakumsemesha jirani yake. Nimeishi Askerdale muda mrefu kiasi cha kutoliona hilo ajabu. Watu wa bonde hili ni wema sana, ila wakinuna wananuna kweli.

Alikuwa tarishi wa posta. Miaka thelathini na moja alipanda na kushuka vilima hivi kwa miguu, mvua ikimnyea, akijisomea beti alizokaririshwa shuleni. Watoto hakujaliwa. Mumewe Harold alipofariki, Enid alibaki na paka, redio na Alhamisi.

Alhamisi tulikutana chumba cha nyuma cha maktaba, ninapofanya kazi. Mmoja anasoma shairi, wengine wanasikiliza, kisha tunazungumza juu ya kiburi, huruma, kifo na Mungu. Hapa watu hawayataji mambo hayo wakitazamana usoni, labda yawe yamesemwa kwanza na mtu aliyekufa miaka mia tatu iliyopita. Tulianza kumi na wawili. Wengine tukawazika, wengine wakapelekwa nyumba za wazee, mpaka tukabaki mimi na Enid na sahani nzima ya biskuti.

Halmashauri ikaleta barua: tusipofika watatu Alhamisi ijayo, chumba kinafungwa.

"Wakininyang'anya Alhamisi," Enid akaniambia, "sitakuwa na siku ya kuvalia koti."

Akabisha kila mlango aliowahi kupelekea barua. Huyu ana wajukuu, yule magoti yanamsumbua. Ukabaki mlango mmoja, wa jirani yake Clifford Sugden, fundi paa mstaafu, ukuta kwa ukuta na wake. Wiki aliyofariki Harold, Clifford alichukua mkasi akaukata mwaridi alioupanda Harold kando ya kijia cha kuingilia kwao. Enid hakumuuliza kwa nini. Alimfungia mdomo tu.

Jumatatu akabisha.

"Makubwa!" Clifford akasema. "Umekosea nyumba, Enid?"

"Sijakosea. Alhamisi tunasoma mashairi maktaba. Njoo."

"Mimi? Shuleni nilifukuzwa nje kila kipindi cha mashairi."

"Kuna chai na biskuti."

"Yanahusu nini hayo mashairi yenu?"

"Kusamehe. Kupendana. Mambo kama hayo."

Clifford akacheka mpaka akakohoa. "Na unayasoma kila wiki? Mwenzangu, ule mwaridi niliukata ili jeneza la Harold lipite. Wabebaji wangechanwa na miiba. Ungeuliza, ningekwambia."

Enid akasimama pale kama mtu aliyepigwa kofi.

"Haya niambie," Clifford akasema. "Umenijia mimi, au mmepungukiwa mtu?"

Enid hakujua kudanganya. "Tumepungukiwa mtu," akajibu, na mlango ukafungwa.

Alhamisi tulisubiri mpaka saa sita mchana. Hakuja mtu. Enid alisoma shairi moja refu, akanisomea mimi peke yangu, kisha akasaidia kupanga viti ukutani. Nikazima taa. Nilimwona akishuka barabara na koti lake zuri, na roho iliniuma.

Ijumaa asubuhi akabisha tena kwa Clifford. Haya alinisimulia mwenyewe, huku akilia.

"Chumba wameshafunga," akamwambia. "Sihitaji mtu wa tatu tena."

"Sasa unataka nini?"

"Nimekuja kuomba radhi."

Clifford alitazama barabara, akatazama slipa zake.

"Siku mke wangu Doris alipokufa," akasema, "niliacha mlango huu wazi kutwa. Baridi kali. Dada yangu akataka kuufunga, nikamwambia uache, Enid atakuja."

Enid angeweza kusema hakujua. Angeweza kusema alikuwa mgonjwa, na Clifford angekubali, maana watu wa hapa hukubali udhuru wowote ilimradi aibu ipite.

"Nilikuona," akasema. "Nilikuwa nimesimama nyuma ya pazia. Nilivaa koti, nikalivua. Nikalivaa tena, nikalivua."

Clifford alishika kitasa, na Enid akangoja afungiwe tena.

"Vua hivyo viatu," Clifford akasema mwishowe. "Doris hakupenda tope ndani."