Duka la Hadji siku ya Ijumaa

Leo mama muuza samaki amenifunga mdomo, na nimefurahi.

Tulikuwa kwenye foleni ya maji, tukisikiliza podikasti kuhusu mchimba dhahabu wa Salamabila aliyefungwa maisha kwa mauaji. Shahidi alidai alimwona Ijumaa saa saba mchana, akinunua kisu dukani kwa Hadji, hapa Kasongo.

"Basi, ni yeye," nilisema. Tukabishana mpaka nikachoka.

Mama Asha, anayeuza samaki mbele ya duka hilo, akacheka.

"We mutoto! Ijumaa saa saba duka iko wazi? Hadji si iko musikitini!"



Miaka tisa mtu yuko gerezani, na hakuna aliyemuuliza Mama Asha.

Inachosha, jamani. Lakini Mama Asha amekubali kutoa ushahidi, nami ninamwandikia wakili wa mfungwa huyo barua.

Nani mwingine anauza karibu na duka lile? Niandikieni.