Damu Yetu Kwenye Kioo

Mke wangu alirudi kutoka kliniki na kikaratasi kilichokunjwa mara nne. Nilikuwa nimetoka zamu ya asubuhi bandarini, nimekaa barazani nanawa miguu. Alinipa, akaingia ndani. Kilikuwa kimeandikwa kwamba damu yake irudiwe kupimwa, na mume afike naye maabara.

Alikuwa mjamzito, na mimba hiyo ilikuwa ya tatu. Ya kwanza iliharibika ikiwa na miezi saba. Ya pili mtoto alizaliwa kimya, tukamzika siku ileile. Shangazi yangu, aliyenilea na aliyekuwa akikaa mtaa wa pili hapohapo Kariakoo, alikwishaamua kwamba mke wangu ana mkosi. Alimfunga hirizi kiunoni, akamkataza mayai, na kila akija alilitazama lile tumbo kama mtu anayetazama wingu asiloliamini. Mke wangu hakuwahi kumjibu. Alikuwa na miaka ishirini na miwili tu.

Kesho yake niliomba ruhusa kazini, tukaenda. Maabara ilikuwa chumba kimoja nyuma ya kliniki. Nilitegemea kumkuta mwanamume, kumbe mpimaji alikuwa mama wa makamo, koti lake jeupe limefubaa, maana siku zile sabuni ilikuwa ya kupangia foleni. Niliona haya, lakini nikamwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni mkae."

Alifunga mlango, akatuambia waziwazi kwamba damu ya mke wangu imeonyesha kaswende. "Lakini sijasema kwamba ndiyo," akaongeza. "Kipimo hiki wakati mwingine hudanganywa na malaria. Ndiyo maana nataka nirudie yake, na nipime yako pia."

Niliidaka malaria ile kwa mikono miwili. Nani Dar es Salaam hana malaria? Nikamkonyeza mke wangu. Hakunitazama.

Yule mama alitutoa damu, akaiacha kwenye vichupa igande, nasi tukangoja kwenye benchi. Alipotuita tena, labda kwa kuona nilivyokuwa nikihangaika, alinionyesha anavyofanya. Alichukua tone la maji ya damu yaliyojitenga juu, akaliweka kwenye kioo, akatia tone la dawa, akakizungusha kioo taratibu kama anayembembeleza mtoto. "Ikibaki laini, huna kitu," akasema. "Ikifanya chengachenga, ujue kuna jambo."

Niliinama kwenye darubini. Kwanza niliona kope zangu mwenyewe. Kisha nikaona chenga, kama uji uliokorogwa vibaya.

"Hii ndiyo ya mke wangu?"

"Hapana, hii ni yako. Yake nayo iko hivyohivyo. Na malaria nimeitafuta kwenu nyote wawili, hamna."

Ndipo nikakumbuka Mtwara. Kabla sijaoa nilipakua meli kule, na ujana wangu ulikuwa na mambo yake. Niliwahi kupata kidonda ambacho hata hakikuuma. Kilipona chenyewe, nikashukuru, nikasahau. Nilimweleza yule mama yote, mke wangu akisikia kila neno.

"Kidonda cha kaswende ndivyo kilivyo, hupona," akasema. "Ugonjwa unabaki."

Mke wangu akafungua kinywa kwa mara ya kwanza. "Mama, na wanangu wale wawili?"

"Ugonjwa huu humfikia mtoto tumboni. Huenda ndio uliowachukua."

"Kwa hiyo si mkosi wangu?"

"Mkosi gani, mwanangu? Haya ni maradhi, na sindano zake zipo."

Mke wangu alijifunika uso kwa khanga, akalia kwa sauti ambayo sikuisikia hata siku ya kuzika. Nilitaka kumshika bega, nikaogopa.

Tukiwa njiani kurudi, tulipofika Mnazi Mmoja nilisimama. "Ni mimi," nikamwambia. "Ni mimi niliyekuletea."

Alinigeukia. "Ungejua, ungekwenda kutibiwa?"

"Ningekwenda."

"Basi tembea. Jua kali."

Siku tatu hakunisemesha zaidi ya lililo lazima. Siku ya nne, shangazi alipokuja na mizizi mingine ya kuchemsha, nilimwomba akae, nikamweleza kila kitu, na Mtwara nikaitaja. Sikuwahi kuona aibu kama ile mbele ya mtu aliyenikogesha nikiwa mdogo. Aliiweka mizizi yake chini. Kisha alimfuata mke wangu jikoni, akapiga magoti, akaifungua ile hirizi kwa mikono yake, akasema, "Mwanangu, nisamehe." Usiku huo mke wangu alinipakulia chakula, akakaa tule pamoja.

Tulichomwa sindano za penisilini, mara moja kila wiki, kwa wiki tatu. Ziliuma kiasi kwamba tulirudi nyumbani tukichechemea wote wawili, yeye akinicheka mimi kwa kuchechemea zaidi.

Mtoto wetu alizaliwa mwanzoni mwa masika, wa kike. Mkunga alipotoka kuniita, sauti ya mtoto ilikuwa imeshamtangulia mlangoni. Nilimkuta mke wangu amechoka, jasho linamtiririka, mtoto kifuani akipiga kelele.

"Mchukue," akaniambia. "Usimnyamazishe. Mwache alie kidogo nimsikie."