Fundi wa Jarida

Majirani walimwita Mama Pindo, maana mtaa mzima hakuna fundi aliyekunja pindo likanyooka kama lake. Ukuta kwa ukuta na chumba chake cha cherehani, mwalimu mstaafu alikuwa akitoa jarida dogo la hadithi, mashairi na michoro, nakala mia mbili kila miezi mitatu. Pini za kubania kurasa zilishika kutu, nazo zikawa zinapukutika. Siku moja Mwalimu akabisha hodi.

"Mama, karatasi inashoneka?"

"Kinachotoboka kinashoneka."

Mama Pindo akafunga sindano nene ya jinzi, akapiga mstari katikati ya mkunjo. Ukashika.

Akashona matoleo sita bila kusoma hata neno. La saba, uzi ulikatika. Alipoinama kuutunga, jicho likaangukia kisa cha seremala aliyefiwa na bintiye, ambaye kila mwaka alikirefusha kitanda cha mtoto kwa vidole viwili, kwa kuwa watoto hukua.

Mguu ukaganda juu ya pedali. Kabatini, chini ya vitambaa vya wateja, lilikuwamo gauni la marehemu binti yake. Kila mwaka Mama Pindo aliliunga kipande. Hata mumewe hakujua.

Akamfuata Mwalimu, karatasi mkononi.

"Nani kakupa siri yangu?"

"Siri gani, mama? Aliyeandika ni mlinzi wa ghala, yuko mbali huko. Hakujui, humjui."

"Sasa kajuaje?"

Mwalimu akavua miwani. "Hata mimi hujiuliza. Ndiyo maana sijaacha kazi hii."

Mama Pindo akaketi. Mtu asiyemjua kwa sura wala kwa jina alikuwa ameingia kabatini mwake bila ufunguo, na hakuiba kitu.

"Mwandikie humu jaridani," Mwalimu akasema.

"Mimi? Mkono huu umezoea chaki ya fundi."

"Na wangu ulizoea chaki ya ubaoni. Andika tu."

Akaandika mistari minne kuhusu gauni. Ilitoka toleo la nane, naye akayashona maneno yake mwenyewe mara mia mbili. Kabla ya la tisa, barua kumi na moja za wasomaji zilikuwa zimefika. Mmoja bado huandaa sahani ya ziada. Mwingine hununua daftari kila muhula. Alimsomea mumewe zote, kisha akamtolea gauni. Mzee akalishika bega.

"Mwaka huu," akauliza, "tutaliunga kwa kitambaa gani?"

Tangu hapo Mama Pindo hakushona toleo kabla ya kulisoma lote. Jarida likawa linachelewa wiki nzima, na Mwalimu hakulalamika.