Jiwe la Bibi Halitoki Mlangoni

Juzi mjukuu wangu kaweka marumaru sebuleni, hapa mjini Kanyenye, kisha akaniambia, "Bibi, jiwe lako hili la mlangoni tulitupe, linachafua." Nilimtazama mpaka akainama. Na wewe keti nikuambie, maana hasira hii haijapoa tangu nikiwa mtoto.

Kwetu kulikuwa porini, upande wa Sikonge, kando ya njia ya zamani ya misafara. Jiwe la kusagia la bibi yangu lilikuwa limejengewa kwa udongo ndani ya nyumba, katikati limebonyea kama bakuli. Alisema bibi yake yeye aliwasagia wapagazi unga wa safari ya pwani kwa jiwe hilohilo. Alfajiri niliamshwa na mkwaruzo wake na harufu ya uwele. Nikiuliza kwetu ni wapi, nilipata kofi la mgongo: "Pale unga wako unaposagwa, mjinga wewe!"

Likaja lori la kutuhamishia kijiji cha ujamaa. Mgambo mmoja, mtoto wa jirani, aliyekula ugali wa jiwe lile tangu aote meno, akasema, "Shikamoo bibi. Panda. Jiwe acha, kule kuna mashine." Bibi hakuitikia. Wakaezua paa, tukapanda.

Kule nyumba zilipangwa mstari kama matuta ya viazi. Mashine haikuwepo. Basi bibi akawa anajitwika uwele, mimi nyuma, tunatembea hadi kwenye gofu la nyumba yetu, anapiga magoti juani, anasaga. Wenzake walimcheka: "Mwenzetu anakwenda ofisini!" Naye: "Nyie donoeni punje, kuku wa serikali!"

Siku moja tulikuta jiwe limepasuliwa kwa nyundo. Mgambo yule yule kaketi pembeni. "Ni amri, bibi. Usirudi tena."

Hakulia. Alinitwisha kipande kimoja, hiki cha mlangoni, shingo ikaniwaka njia nzima. Hakusaga tena. Mashine ilipofika hakuikaribia. Kiangazi kilichofuata alikufa, wakamzika kwa mstari vilevile.

Shule niliipata kule, kidogo, na maji ya bomba. Sikatai. Lakini nani alimuuliza bibi? Kwetu sasa ni pori, hata njia ya wapagazi imeota miti.

Mgambo yule ni mzee, anakaa mtaa wa nyuma. Kila Ijumaa hupita na mkongojo, hulitazama jiwe mlangoni, husimama. Kanizidi umri, shikamoo yangu ni haki yake.

Na angoje.