Stika Aliyoibandua Mjomba Makame

Nakumbuka asubuhi moja pale Kiegeani, mjukuu wangu, najifunga kanga nitoke kuchochea moto wa chai, nikasikia kishindo uani kwa kaka yangu. Nazi imeanguka. Tena si mchangani, imeangukia gari.

Wewe uliyepata leseni juzi hukumkuta Makame, kaka yangu, mjomba wa mama yako. Alikuwa na pikapu ya buluu, kaiwekea mabenchi nyuma, anachukua abiria kati ya Kilindoni na Utende. Zama hizo Hifadhi ya Bahari imeshaanza, wageni wanakuja kutazama samaki na matumbawe, barabara imechangamka. Jana yake alikuwa amelipeleka gari kwa trafiki Kilindoni. Likatazamwa breki, taa, matairi, likabandikwa stika ya ukaguzi kwenye kioo cha mbele. Alirudi anamwonyesha kila mtu, utadhani mtoto kahitimu Kurani.

Na siku hiyo ya nazi ndiyo siku ya kumpeleka mama yako Mwanahawa kwa mumewe, kisiwani Chole. Nikaha ilikwishafungwa. Katika ukoo wetu bibi harusi hupelekwa na mjomba wake, na mjomba mwenyewe ana gari. Basi hatukulala kwa fahari.

Kioo hakikumwagika. Kilipata ufa mrefu, umeanzia pembeni ukaja kukatiza mbele ya macho ya dereva. Stika iko palepale, nzima. Makame akakigonga kwa kidole, akasema, "Kinashika," akaenda Kilindoni kumchukua wifi yangu Salama, shangazi yake mama yako, aje tuongozane.

Sasa, ukitoka Kilindoni asubuhi unakwenda na jua usoni. Lile gari liliporudi, nyuma yake alikuja Bi Zuhura, mkunga wetu, kanga imejaa vumbi, mzigo wake wa kuni kautupa njiani.

"Makame wee!" anapiga kelele. "Kama umechoka kuniona si useme, nihame!"

Wanawake tukaangua kicheko. Salama alikuwa kiti cha mbele, akashuka anajishika mbavu. "Jamani, mmekosa! Bi Zuhura karuka mtaro, mwari wa jana hawezi!"

Makame hakucheka. Alimshika Bi Zuhura mikono yote miwili akamwomba radhi. Kisha akatugeukia. "Jua lilipogonga ule ufa, kioo chote kikawa cheupe. Sikuona barabara. Sikumuona mtu."

Akaingia ndani ya gari, akaanza kuibandua ile stika kwa kucha.

"Unafanya nini?" Salama akamrukia. "Trafiki mwenyewe kakupitisha jana! Nani atakusimamisha?"

"Hakuna. Ndiyo maana najisimamisha mwenyewe."

"Na maji je? Yakitoka pale Utende, mtoto wetu ataingia kwa watu na matope miguuni? Watatucheka Chole nzima!"

Hapo kweli alimgusa. Kuvuka Chole ni kwa mashua, na maji yakishatoka mashua inakaa mbali na ufuko. Nami mama mzazi, sikufichi, nilikuwa nimekunja uso. Makame kasimama na ile stika imemganda kidoleni, anamtazama huyu, anamtazama yule. Ujomba wake wote ulikuwa juu ya yale magurudumu.

Ndipo tukasikia sauti kutoka chumbani. Bibi harusi, ambaye siku hiyo hata kukohoa anaona haya!

"Mjomba, baiskeli ya Shomari ina keria."

Basi mama yako akapakiwa kwenye baiskeli ya mdogo wake, Shomari mwenyewe anaendesha, bibi harusi kajifunika gubigubi, na Makame anakimbia kando kwa miguu, kamshikia mwavuli, kanzu imelowa jasho. Sisi nyuma tunapiga vigelegele huku tunatweta. Watu wanatoka majumbani kutazama.

Maji tulikuta yametoka. Mama yako aliingia matopeni, mjomba wake kamshika mkono mpaka mashuani. Kule ng'ambo mkwewe, Bi Mwanaidi, alimtazama miguu, akauliza sababu, akaambiwa. Hakucheka. Aliomba maji, akachutama, akamwosha mwenyewe. Akasema, "Huyu kaletwa na watu wanaompenda."

Kioo kipya kilibidi kiletwe kutoka Dar es Salaam, na kilichelewa. Gari likafunikwa turubai, na Makame akarudi kufua nazi za watu. Wanawake wakipita wanamtania, "Makame, hiyo eda ya gari inakwisha lini?" Naye anajibu, "Ikiisha mtasikia honi."

Kilipofika na kutiwa, alilipeleka tena gari Kilindoni. Yule afande akamkumbuka. "Mzee, wewe mbona nilishakupitisha?"

"Ulipitisha kioo kingine, afande."

Afande akavaa kofia yake vizuri, akalikagua upya, toka taa mpaka taa.

Bi Zuhura je? Ndiye aliyekupokea wewe, mwanangu. Ulikuja umetanguliza miguu, na hapa kijijini hapakuwa na mikono mingine ya kuliweza jambo lile. Kila nikikuona unang'arisha hilo gari lako naikumbuka mikono ile, na yule aliyeishika akaomba radhi.

Nasaha yangu ni hiyo. Kila asubuhi litazame gari la leo, usitazame lile lililokaguliwa jana. Ukiona ufa, shuka, hata kama una harusi, hata kama shangazi zako wote wamesimama wanakusuta. Watakuja kukushukuru, na wasipokushukuru watakuwepo.

Mungu akupe macho maangavu na moyo wa mjomba Makame. Akupeleke na uliowapakia, na akurudishe kwetu tukisikia honi.