Hasira Iliyonipanda Mkekani

Shangazi yangu alikuwa fundi wa kilinge, mganga wa wenye pepo, pale Bagamoyo, na miaka ile baada ya vita vya pili mimi nilikuwa mwanafunzi wake. Mgonjwa akiletwa na ndugu zake, wote waliketi mkeka mmoja, na fundi pamoja nao. Sharti lake kubwa lilikuwa fundi asitie kitu kinywani tangu alfajiri, ili kinachompanda moyoni kisije kudhaniwa ni cha shibe. Mimi nilidhani anatubania uji tu.

Asubuhi moja shangazi akiwa kalala na homa, aliletwa mwanamke kijana kutoka Mkange. Alikuwa amefiwa na mtoto, na tangu mazishi hakutamka neno. Mavyaa wake, mama wa mumewe, alisema ni pepo, na asipofunguka siku hiyo mwanawe atatoa talaka. Mume mwenyewe aliinamisha kichwa. Nikajiapiza kwamba binti yule hatatoka kwetu akiwa ameachwa.

Nikashika nafasi ya shangazi bila kutia kitu kinywani, nikafukiza ubani, nikauliza, nikabembeleza, wapi. Ila kila mavyaa alipoeleza, kwa sauti laini, jinsi alivyomzuia mkwewe asilie kwa kuwa machozi humsumbua marehemu, hasira zilinipanda hadi nikatamani kuvunja chetezo. Mimi ni mwepesi wa hasira, najijua. Lakini bibi yule hakuwa amenikosea lolote, na njaa haijapata kunitia hasira namna ile. Shangazi alinifunza kuwa fundi akipandwa na kitu mkekani asikimeze, wala asimrushie mtu, bali aulize ni cha nani.

Nikaweka chetezo chini.

“Jamani, mimi nina hasira, na naona si yangu. Mwenye nayo aichukue.”

Mavyaa alinitazama kana kwamba pepo kanihamia mimi. Niliogopa, maana habari za fundi aliyekasirikia wageni zingefika Mkange kabla yao. Hata hivyo sikuirudisha kauli yangu. Nikangoja.

“Ni yangu,” akasema yule mwanamke, sauti imemkauka. “Mlimfunga mwanangu sanda bila kunionyesha uso wake.”

Akaanza kulia kwa kwikwi. Mavyaa akanyoosha mkono amzibe kinywa. Mume akainua kichwa, akaushika mkono ule.

“Mama, mwache mke wangu alie.”

Hapo hasira ikanitoka, na ndipo nilipohisi njaa.