Kadi Mia Mbili za Mwaura

Watu wa siku hizi wana jina la kila kitu. Ndugu yangu Mwaura alipewa lake mwaka wa 2009 na daktari mmoja wa Hurlingham: usonji. Daktari aliliandika kwenye karatasi, Mama akaikunja akaitia ndani ya Biblia, tukaenda zetu nyumbani. Mwaura alikuwa na miaka ishirini na sita. Kabla ya hapo tulikuwa tunasema tu kwamba ndivyo alivyo, na mtoto wa jirani akimcheka mimi namvuta sikio. Nilikuwa na mkono mwepesi enzi hizo.

Lakini ninayotaka kusimulia ni ya mwaka wa 2006, mwaka wa zile kadi. Haki ya Mungu, nayakumbuka mambo ya miaka ile kuliko ya juzi. Mwaura hakupenda kupanda gari na watu, kwa hiyo alikuwa akitoka kwetu Muthangari saa kumi na mbili unusu, anafuata Waiyaki Way, anapita Westlands kabla maduka hayajafunguliwa, Museum Hill, halafu mjini. Shati limefungwa hadi kifungo cha shingo, mfuko begani. Ikifika Oktoba mijakaranda inamwaga maua njiani, na yeye anayazunguka, hakanyagi hata moja. Mama alikuwa akisimama langoni, kando ya ule ua wetu wa miiba ya kayaba, akimtazama mwanawe akienda chuoni. Hivyo ndivyo alivyojua, kwamba anaenda chuoni.

Mama alikuwa Mwalimu Debra, miaka thelathini na mmoja akifundisha Kiswahili. Baba aliaga dunia mwaka wa 1998, na tangu siku hiyo Mama alitaka kitu kimoja tu, kwamba mmoja wetu avae joho la mahafali. Mimi nilimwangusha. Nilisomea ukatibu miezi tisa, nikaajiriwa mapokezi kwenye kliniki ya meno pale Hurlingham, nikanunua viatu vya visigino virefu na kujiona nimefika. Basi joho likabaki la Mwaura. Na alikuwa na akili, wacha mchezo. Mwaka wa 2002 aliingia chuo kimoja cha mjini, sitakitaja, kusomea biashara, na Mama akaanza kuhesabu miaka minne siku hiyo hiyo.

Mimi niliujua ukweli mwezi wa Juni 2005. Daktari wetu wa meno alinituma River Road kuchapisha kadi za wagonjwa. Nikapanda ngazi za jengo jembamba hadi ghorofa ya pili, kwenye duka la mtu aliyeitwa Jitendra. Leo pale wanauza vifuniko vya simu, lakini wakati ule ukifungua mlango ulikuwa unapigwa na harufu ya wino na karatasi mbichi, na mashine inaguruma bila kupumzika. Natamani hata leo niisikie ile harufu. Nyuma ya kioo, kwenye meza yenye taa, nikamwona ndugu yangu. Saa tano asubuhi, siku ya Jumatano. Ameinamia karatasi na rula mkononi, midomo inatembea.

Nilimrukia. Nilimuuliza mbele ya wateja anafanya nini pale, na masomo je, na anajua Mama atakufa kwa presha? Alisubiri nimalize kama mtu anayengoja mvua ipungue. Halafu akasema aliacha chuo Februari 2004, na kwamba karo yote tangu hapo iko ndani ya bahasha chini ya godoro lake. Kisha akarudi kusoma.

Bwana Jitendra ndiye aliyenivuta kando, akanipa kiti. Aliniambia kijana huyu aliingia siku moja kutoka mtaani, hajasalimia mtu, akamwonyesha kalenda iliyokuwa ikitoka kwenye mashine: Septemba ilikuwa na siku thelathini na moja. Mashine ikasimamishwa. Kesho yake Mwaura akarudi, na kesho kutwa, hadi akawekewa meza. Kazi yake ilikuwa kusoma prufu, yaani ile karatasi moja ya kwanza, kabla ya kuchapisha nyingine zote. Akiona kosa analisahihisha. Akimaliza anaweka alama ya vema pembeni, na kitu kikiwa na alama ya Mwaura, hakuna mwingine anayekisoma tena. Nikauliza kelele za ile mashine hazimsumbui, maana nyumbani hata redio ilikuwa vita. Mwaura akajibu mwenyewe kutoka kwenye meza kwamba mashine husema kitu kile kile kila siku.

Nikanyamaza. Si kwa wema, usinipe sifa nisizostahili, nilimwogopa Mama. Lakini pia niliyaona mabega ya Mwaura. Tangu aingie chuo yalikuwa yamepanda hadi masikioni, na pale kwenye ile meza yalikuwa yameshuka, ametulia kama alivyokuwa akitulia utotoni tukimwachia magazeti ya Baba. Nikajiambia nitasema mwezi ujao. Mwezi ujao ukawa mwaka na miezi minne.

Oktoba 2006 Mama aliitisha akina mama wa kanisa, wakaunda kamati ya sherehe ya mahafali ya Mwaura. Mbuzi watatu, hema, keki yenye umbo la kitabu, na kadi mia mbili za kualika watu. Maneno ya kadi aliyaandika mwenyewe kwa Kiswahili, akayasafisha jioni mbili, kisha akanipa mimi nipeleke kwa mchapaji. Nilipaswa kusema siku hiyo. Mdomo ulifunguka, nikaishia kuuliza anataka karatasi ya rangi gani. Akasema ya maziwa.

Mwaura mwenyewe, nikimweleza kuna sherehe, alikuwa akiuliza tu kama kutakuwa na spika za muziki.

Mimi nikajifanya mjanja. Sikwenda kwa Jitendra, ng'o. Nilikwenda duka jingine kabisa, mwisho wa barabara, kwa jamaa anaitwa Nashon, mcheshi, mwenye meza safi na sampuli za kadi ukutani. Nilichosahau ni vile River Road ilivyokuwa. Nusu ya hao wachapaji hawakuwa na mashine. Walikuwa na meza na simu. Unamwachia kazi, ukigeuka tu anaibeba kwapani na kuipeleka kwa mwenye mashine, wewe unarudi Ijumaa ukidhani ni yeye aliyechapisha. Na mwenye mashine wa Nashon alikuwa nani? Woi. Alikuwa Jitendra. Kwa hiyo kadi ya Mwaura ikafika mezani kwa Mwaura, naye akaisoma, akakuta ina makosa.

Boksi nililichukua limefungwa kwa kamba, nikalibeba hadi nyumbani bila kulifungua. Jumapili baada ya ibada kamati ilijaa sebuleni kwetu, chai imemiminwa, Mwaura kwenye kiti chake karibu na dirisha na sahani yake ya viazi. Mama akakata kamba, akampa kila mmoja kadi. Mama Kisilu, ambaye ndiye aliyekuwa akisoma matangazo kanisani, akasimama na kusoma kwa ile sauti yake ya matangazo:

“Familia ya Mwalimu Debra, Muthangari, inakukaribisha kwenye sherehe ya Mwaura, aliyeacha chuo mwezi wa Februari mwaka wa 2004. Sasa ni msahihishaji katika duka la uchapishaji, River Road. Chakula ni Jumamosi, tarehe mbili Desemba, saa saba mchana.”

Alikuwa amefika kwenye chakula ndipo akasikia alichosoma. Akakaa. Wenzake wakaanza kukumbuka mmoja mmoja kwamba wameacha kitu jikoni, na baada ya dakika kumi tulibaki sisi watatu na vikombe kumi na vinne vya chai. Mama alinigeukia mimi kwanza, akauliza kama nilijua. Nikasema nilijua. Sijawahi kujichukia kama nilivyojichukia wakati ule.

Kisha akamuuliza Mwaura, kwa sauti ya chini kabisa, “Kwa nini hukuniambia?”

“Hukuuliza,” Mwaura akasema. “Kila jioni uliniuliza kama nimekula. Nilikuwa nimekula.”

Hakusema kwa ubishi. Alieleza kwamba maneno ya kadi yalikuwa na makosa matatu, kwamba amehitimu, kwamba ni mwaka huu, na kwamba ana shahada ya biashara, akayasahihisha kama anavyosahihisha kadi za watu wote. Mama alitikisa kichwa. Akasema kesho asubuhi wataenda chuoni pamoja, atapiga magoti ikibidi, na Mwaura atarudi darasani hadi avae joho. Mwaura akauliza karatasi za ile meza yake zitasomwa na nani. Mama akasema ataiaga. Mwaura akaweka sahani chini, akaenda chumbani, na mchana wote tulimsikia akitembea, ukuta hadi ukuta. Mabega yalikuwa yamepanda tena. Ningeweza kumtetea, lakini mimi niliyekuwa nikivuta masikio ya watoto wa jirani nilikusanya vikombe vya chai.

Jumatatu niliomba ruhusa kazini tukaenda. Mama alivaa suti yake ya kijani. Chuoni karani wa usajili alitupokea vizuri, nisimsingizie. Akasema kijana anaweza kuanza tena mwaka wa pili mwezi wa Januari, fomu ni moja, inataka saini yake tu. Mama akashukuru hadi machozi. Akamsogezea Mwaura fomu na kalamu. Mikono ya Mwaura ilikuwa inapigapiga mapaja, kama ilivyokuwa ikifanya mambo yakimzidi.

“Mama, ukiniambia nisaini, nitasaini,” akasema. “Nitakuja kila siku.”

Mama alikuwa anamjua mtoto wake. Alijua hiyo ni kweli tupu, kwamba angekuja kila siku, mvua na jua, hadi azeeke. Nafikiri hilo ndilo lililomgutusha. Akaiweka kalamu mezani na kumuuliza swali ambalo hakuna mtu nyumbani kwetu aliyewahi kumuuliza, mimi nikiwemo: kitu gani kilimtoa pale.

 Mwaura alisimama akatoka, tukamfuata kwenye ngazi hadi ghorofa ya tatu. Akafungua mlango wa chumba kitupu, viti vimepangwa, vumbi limejaa. Akasema huku ndiko ratiba ilikosema, chumba cha nne, Jumatatu, Jumatano na Alhamisi, saa mbili hadi saa nne. Januari 2004 alikuja, na wenzake hawakuja. Akakaa hadi saa nne. Siku ya pili akakaa hadi saa nne. Baadaye aligundua darasa lilikuwa limehamishiwa jengo lingine na wanafunzi walipeana habari kwa simu, naye simu hakuwa nayo. Aligundua walipobandika majina ya waliozidisha kutohudhuria, lake likiwemo.

“Ulikaa hapa siku ngapi?” Mama akauliza.

“Wiki sita.”

“Peke yako?”

“Peke yangu. Nilikuwa nakaa pale.” Alionyesha kiti cha mbele, karibu na ubao.

“Na hakuna mtu aliyekuja kukuita?”

“Hapana,” Mwaura akasema.

Mama alikwenda akakikalia kile kiti, na ile suti yake, bila kupangusa vumbi.  Mimi nilitazama dirishani kwa sababu nilikuwa nalia, na nilikuwa na hasira na kila kijana aliyekuwa na simu katika darasa lile, na hasira zaidi nami mwenyewe, maana wiki hizo sita nilikuwa naye nyumba moja na nikimpitishia chumvi mezani. Kisha Mama akainuka na kusema anataka kuiona hiyo meza ya River Road. Fomu ilibaki kwa karani haijasainiwa, lakini hakusema ameiacha. Alisema anataka kuona tu.

Tulitembea. Mama na visigino vyake, katikati ya mikokoteni na mabati na wapiga debe, mfuko wake wa mkononi ameukumbatia kifuani, na Mwaura mbele anatuonyesha mahali pa kukanyaga. Dukani Bwana Jitendra alimsalimia Mama kwa heshima zote, akamwita mwalimu, akamletea kiti chenye mto. Mama alijibu kwa baridi. Nilimjua, alikuwa amejiandaa kumgombeza mtu. Mwaura hakungoja. Alipita nyuma ya kioo, akawasha taa, akavuta karatasi zilizokuwa zikimsubiri. Mama akawa anamtazama tu.

Saa nne kamili Bwana Jitendra alimwacha mteja katikati ya mazungumzo. Akaenda kwenye kile kioo, akakigonga mara mbili kwa kidole, taratibu, akasubiri Mwaura amalize mstari na kuinua kichwa.

“Mwaura,” akasema. “Chai.”

Mwaura akaweka rula chini, akatoka, akachukua kikombe chake na kusimama na wenzake kando ya mashine. Hakuongea na mtu, na hakuna aliyemlazimisha. Mabega yalikuwa chini.

Mama alimuuliza fundi wa mashine kama humwita hivyo kila siku. Fundi akasema kila siku, wasipomwita anasahau kunywa. Wakampa Mama kikombe pia, naye akakishika bila kunywa, machozi yanamwanguka hadi mkononi, asiyafute. Sikuwahi kumwona hivyo tangu mazishi ya Baba. Nilidhani analilia joho, na labda kidogo alikuwa analililia.

Kisha akaniuliza zile kadi ziko wapi. Nikamwambia ziko kwenye boksi, nyumbani, nilikuwa nataka kuzichoma.

“Zigawe,” Mama akasema. “Zote.”